Chumvi ya Mboga Ipo, ya Umri Hakuna

Saa mbili asubuhi, soko limeshaamka na kelele zake zote, na Mama Chumvi bado anatwanga. Mchi unapanda, mchi unashuka. Mabonge ya chumvi ndani ya kinu yanageuka chenga, chenga zinageuka unga. Anachota kwa kopo, anamimina kwenye chekeche, anatikisa. Iliyopita inaangukia kwenye beseni la bluu. Iliyokataa inarudi kinuni ikatwangwe mpaka ikubali.

Mteja wa kwanza ni mwanamume wa makamo, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Hana sura ya mtu anayejua jiko lake liko upande gani wa nyumba. Anainama juu ya meza na kushusha sauti, utadhani anaulizia mali ya wizi.

"Mama, ile chumvi ya Bibi ipo?"

Mama Chumvi hainui hata macho. "Ya mboga ipo. Ya umri hakuna."

"Ile ya yule bibi wa miaka mia na ishirini."

"Baba, una presha?"

Mwanamume anajikuna shingo. "Kidogo."

"Kidogo ya daktari au kidogo ya kwako?"

Mteja wa pili, mama mwenye kikapu cha mchicha, anaziba mdomo kwa kanga asicheke waziwazi.

"Ya kwangu," anakiri yule bwana.

"Basi rudi kwa daktari ukamuulize ya kwake. Hapa leo huondoki na hata chembe. Tena asante kwa kuja."

Bwana anaondoka amevimba. Mama wa mchicha anapimiwa kopo lake la chumvi ya jikoni baada ya kuulizwa maswali yale yale, maana hapa hakuna anayeponea. Nimetembea masoko mengi, na huyu ndiye muuzaji wa kwanza niliyemwona akimhoji mteja kama ofisa wa mpakani.

Kabla ya kuuinua tena mchi, Mama Chumvi anageuza shingo kushoto. Bati linalofunika meza yake linafunika pia cherehani ya miguu, na cherehani hiyo imevikwa shuka la maua lililoshika vumbi. Shuka hilo halijaguswa tangu mwenye cherehani alipoanguka.

"Leo anakuja," ananiambia. "Mkewe kanipigia simu jana jioni. Kasema fundi anataka kujaribu mguu wake, aone kama bado unajua kazi." Anafuta uso kwa mgongo wa mkono. "Mguu nauombea dua. Ila sijui kama atanisalimia. Ningekuwa mimi, labda nisingejisalimia."

Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, na anasema linakaa vizuri huko huko. Sokoni, mtaani, hata msibani, anaitwa Mama Chumvi. Ana miaka hamsini na mbili, ni mjane, na miaka kumi na tisa ya maisha yake imepita mbele ya kinu hiki.

Alianza chini, kwa maana halisi ya neno hilo. Alitandika turubai pembeni ya njia, akamwaga gunia moja la chumvi ya mabonge, akakaa. Hakuwa na paa.

"Mvua ikinyesha, bidhaa za wenzangu zinalowa," anasema. "Yangu inaondoka. Unakaa pale unatazama mtaji wako ukitiririka kwenye mfereji, na huwezi hata kuukimbiza."

Siku ya tatu ya mvua, fundi cherehani aliyekuwa na bati lake pale alisimama, akaisukuma cherehani mpaka ukutani, akamwambia maneno ambayo Mama Chumvi anayarudia kwa sauti ile ile ya fundi: "Dada, sogea chini ya bati. Nguo zangu hazili chumvi."

Akasogea, na hajaondoka mpaka leo. Fundi hakuwahi kumdai kodi ya nusu bati. Wakati mikono ya jirani yake ilipoanza kupasuka, kwa sababu chumvi ikipata ufa kwenye ngozi haina adabu, fundi akawa anamwekea vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye mishono. Mpaka sasa vidole vya Mama Chumvi vimefungwa vitambaa: kimoja cha sare ya shule, kimoja cha gauni la harusi, kimoja cha suruali ambayo mwenyewe hakuja kuichukua.

Biashara yake ni ya jasho jingi na faida nyembamba. Kwa miaka mingi aliuza magunia mawili kwa mwezi, na kilichobaki kilitosha kodi ya vyumba viwili, unga, na ada ya binti yake wa mwisho. "Nyama tulikuwa tunaijua kwa harufu ya majirani," anasema, na anacheka mwenyewe kabla sijacheka mimi.

Katika vyumba hivyo viwili, kimoja analala yeye na binti. Cha pili analala Bibi, pamoja na magunia ya chumvi ambayo hayana pengine pa kulala. Na hapo ndipo yalipoanzia yote.

Bibi ni mama mzaa mama wa Mama Chumvi. Nilimkuta mlangoni pake amekaa kwenye kigoda, amejifunika upande wa kanga begani, anachambua mchele ambao hakuna aliyemwomba auchambue. Ni mdogo wa umbo, mweusi wa kung'aa, na masikio yake yanasikia yanachotaka. Amebakiwa na meno matatu.

"Yananitosha," aliniambia. "Yakiwa matatu hayagombani."

Ana miaka mingapi? Hakuna ajuaye. Alizaliwa zama ambazo mtoto alikuwa anaandikwa kwenye kumbukumbu za mama yake tu, na mama yake alishaondoka nazo. Mama Chumvi anapiga hesabu yake hivi: Bibi alimzaa mama yake akiwa binti, na mama yake angekuwa hai leo angekuwa na miaka sabini na kitu. Kwa hiyo Bibi ana tisini na kitu.

"Hicho kitu," anasema, "ndicho hatukijui. Kinaweza kuwa mbili, kinaweza kuwa nane."

Mwaka jana, msichana mmoja wa mtaa wa pili, mwenye simu nzuri na kipaji cha kuongea, alikuja kumrekodi Bibi. Alikuwa anazunguka kwa wazee akiwauliza siri ya maisha marefu. Swali lenyewe Bibi aliliona la kitoto, lakini mgeni ni mgeni. Akatazama simu, akasema polepole:

"Mjukuu wangu, mimi nimekula chumvi nyingi."

Basi. Hiyo ndiyo video nzima, ukiondoa muziki uliowekwa baadaye.

Msomaji, mimi na wewe tumenyonya lugha hii na maziwa, tunajua alichosema. Amesema ameishi sana. Ameulizwa kwa nini ni mzee, akajibu kwamba ni mzee. Ni jibu la mtu mzima anayetaka kuachwa achambue mchele wake. Tatizo ni kilichokuwa nyuma ya Bibi. Nyuma yake, wazi kabisa kwenye picha, palikuwa na magunia ya chumvi yamepangwa mpaka karibu na dari. Macho ya watu yakaunganisha ambacho ulimi haukuunganisha.

Video ikatembea. Na Bibi akaanza kuzeeka kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia popote. Kwenye video alikuwa "bibi wa miaka mia." Ilipofika soko la pili, alikuwa mia na kumi. Mtangazaji mmoja wa redio alimpata akiwa na mia na ishirini na tatu, na akaongeza kwamba bado anatia uzi kwenye sindano bila miwani. Wiki tatu, miaka ishirini na ushee. Wengine tunahitaji maisha mazima kufika huko.

Wateja wakamiminika. Wakaja waliotumwa na mama zao, wakaja waliotumwa na wakubwa zao wa kazi, akaja bwana mmoja na gari akataka gunia zima na kupiga picha na kinu. Wengi wao walijua fika kwamba ni msemo. Niliwauliza baadhi yao, na jibu lao lilikuwa lile lile kwa maneno tofauti. Muuza asali wa kona ya soko, anayejulikana kama Mzee wa Asali, alilitoa kwa ufasaha kuliko wote.

"Msemo ni msemo, sawa," alisema. "Lakini wahenga walikuwa wajinga? Mbona hawakusema amekula sukari nyingi? Walijua kitu."

Mzee wa Asali alikuwa na sababu zake za kufikiri kwa kina. Jioni moja alifika kwa Mama Chumvi na chupa kubwa ya asali, zawadi kwa Bibi, na ombi dogo: akirekodiwa tena, ataje na asali, hata kwa mbali. Siku iliyofuata alikuja muuza vitunguu saumu. Kisha wa mtindi. Bibi alipokea vyote kwa mikono miwili, akashukuru, akala, na hakutaja chochote.

Magunia mawili kwa mwezi yakawa tisa. Mama Chumvi akalipa kodi ya miezi mbele. Akanunua nyama, na safari hii majirani ndio walioijua kwa harufu. Na siku moja alichukua kipande cha boksi na kalamu nene, akaandika kwa herufi kubwa: CHUMVI YA BIBI. Akakisimamisha katikati ya meza.

"Sikumdanganya mtu," ananiambia, na mchi unasimama mkononi. "Nilikuwa najitetea hivyo. Mtu akija akasema hii ndiyo inayorefusha maisha, mimi sisemi ndiyo, sisemi hapana. Napima. Lakini lile boksi niliandika mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono."

Linalomuuma zaidi ni jambo ambalo wateja hawakulijua na yeye alilijua kila siku ya Mungu. Bibi hali chumvi. Ana presha ya siku nyingi, muuguzi wa zahanati alimkataza tangu binti wa Mama Chumvi akiwa mdogo, na tangu hapo sufuria yake inapikwa peke yake. Nilionjeshwa maharage ya Bibi. Ni chakula cha kumfundisha mtu subira.

"Mdomo wangu unaishi kwa kumbukumbu," Bibi aliniambia aliponiona natafuta pa kuficha uso. "Meza tu, mwanangu. Hayaumi."

Kwa hiyo Mama Chumvi alikuwa anauza chumvi ya mtu asiyekula chumvi. Aliona ni kichekesho, na kwa muda kilikuwa kichekesho kweli.

Fundi ana miaka sitini na mbili. Naye ana presha, ya daktari, na alikuwa na vidonge vyake vya kila siku. Bibi amemfahamu miaka yote hii na humwita "mchumba," kwa sababu kila akipita nyumbani humletea ndizi laini. Kama kulikuwa na mtu mmoja sokoni ambaye asingehitaji kuambiwa kwamba kula chumvi nyingi ni msemo, ni yeye. Lakini mtu anapoogopa kufa hasikii kwa masikio ya kawaida. Kaka zake wawili wamefariki kwa ugonjwa huo huo, wote kabla ya kufika umri wake.

Alianza kununua chumvi mara kwa mara. Mama Chumvi alidhani mkewe ana wageni. Alianza kuja na kikombe cha bati cha maji ya moto kila asubuhi, akikoroga polepole kabla ya kukalia cherehani. Mama Chumvi alidhani ni dawa ya kifua.

"Hatua mbili kutoka hapa," anasema, akionyesha. "Anakoroga chumvi yangu, kwenye kikombe, mbele ya macho yangu. Na mimi namwambia, pole na kifua, kaka."

Baadaye mkewe alisimulia. Vidonge alikuwa ameviacha zaidi ya mwezi. Alipomuuliza, alimjibu: "Vidonge vinanikumbusha kila siku kwamba mimi mgonjwa. Chumvi inanikumbusha Bibi."

Cherehani ya fundi ina sauti yake, na majirani wanaijua kama mke anavyojua kikohozi cha mumewe. Ikinyamaza, ama anakula ama anasinzia. Siku ile ilinyamaza katikati ya mshono. Mama Chumvi aligeuka kumtania, akamkuta ameegemea meza ya cherehani, mdomo umekwenda upande, anajaribu kusema neno ambalo halitoki. Mkono wa shati la shule ulikuwa bado chini ya sindano.

Wachukuzi walimpakia kwenye mkokoteni mpaka barabarani, na kutoka hapo akapelekwa hospitali, Mama Chumvi akiwa naye. Kilikuwa kiharusi. Daktari alisema amewahishwa, na hilo ndilo lililomwokoa. Muuguzi alipomvua shati alikuta kifuko kidogo cha chumvi mfukoni, akamkabidhi Mama Chumvi akidhani yeye ndiye mke. Kilikuwa kifuko kilichotoka kwenye meza yake mwenyewe, kimefungwa fundo analolifunga yeye.

Alirudi nyumbani akakaa sakafuni mbele ya kigoda cha Bibi, akasema yote. Alidhani Bibi atalia. Bibi alikasirika.

"Nani kamwambia anywe chumvi?"

"Wewe, Bibi. Na mimi."

"Mimi?" Bibi akaweka ungo chini. "Mimi nilisema nimezeeka! Nimesema kwa Kiswahili kwamba nimezeeka, nyinyi mkaenda kununua chumvi?"

Kesho yake aliagiza apelekwe sokoni. Hakuwa amefika huko kwa miaka mingi, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Wachukuzi wale wale walileta mkokoteni ule ule, wakatandika godoro dogo na mto, mmoja akashika mwavuli. Watu wakafuata nyuma kama nyuma ya bibi harusi. Walipofika, Bibi alikataa kiti cha Mama Chumvi. Akaomba cha fundi.

Soko lilisimama. Hata Mzee wa Asali aliacha meza yake bila mtu. Simu zikainuliwa juu, na Bibi akazitazama moja moja kama mama anayehesabu vifaranga.

"Mnataka kujua chumvi niliyokula," alisema. Sauti yake si kubwa, ila siku ile haikuhitaji kuwa kubwa. "Nimemzika mume. Nimezika watoto wangu wanne, na mmoja wao ni mama wa huyu anayewauzia. Nimezika rafiki zangu wote, sasa sina wa kumwambia unakumbuka. Hiyo ndiyo chumvi. Anayeitaka aje nimpimie, nina nyingi."

Hakuna aliyekwenda.

Kisha sauti ya kijana ikatoka nyuma, kwa heshima lakini imeshikwa na udadisi: "Sasa Bibi, miaka mia na ishirini na tatu ni kweli?"

Bibi alicheka, meno yote matatu nje. "Ah, hiyo mmetia chumvi. Mimi nimekula, nyinyi mkatia."

Soko zima likaangua kicheko, na waliokuwapo wanasema kilikuwa kicheko cha watu walioona aibu. Mama Chumvi hakucheka. Alichukua lile boksi, akalichana vipande viwili, kisha vinne, akavitia kwenye jiko la muuza mahindi.

Tangu siku hiyo anahoji kila mteja. Biashara imeporomoka, na hafichi. Magunia tisa yamerudi kuwa mawili, na mwezi mmoja hayakufika hata mawili, maana wapo walioudhika na kwenda kununua kwa wengine wasiouliza. Anasema hilo haliumizi moyo wake. "Miaka yote nilikuwa naogopa mvua," anasema. "Kumbe ningeogopa jua."

Sikumwelewa vizuri, akanifafanulia kwa subira: mambo yalipokuwa yamenyooka ndipo alipokosea.

Video ya pili, ile ya Bibi kwenye kiti cha fundi, nayo ilitembea, lakini haikufika mbali kama ya kwanza. Ndiyo maana mabwana wenye mashati ya pasi bado wanakuja. Mzee wa Asali, kwa upande wake, ameongeza maandishi mapya mezani kwake: "Kwa ladha tu." Sikumuuliza nani kamshauri.

Na Mama Chumvi ana mpango. Anauonyesha kwa kidole kilichofungwa kitambaa cha gauni la harusi: meza ndogo, mpya, mbao zake bado zinanukia. Juu yake kuna makopo yaliyopangwa kwa unadhifu. Malimau. Tangawizi. Vitunguu saumu. Pilipili manga. Majani makavu ya viungo.

"Hii ni meza ya waliokatazwa," anasema, na hapa sauti yake ni ya mfanyabiashara anayejua anachokifanya. "Mtu akiambiwa aache chumvi, anaambiwa nini cha kuacha. Haambiwi ale nini kiwe na ladha. Anavumilia wiki mbili, anarudia. Mimi nimepika chakula cha Bibi miaka yote hii, najua limau linaingia wapi na saumu inaingia saa ngapi. Kama maharage ya Bibi uliyaona magumu, ni kwa sababu siku ile ulikuja tukiwa tumeishiwa malimau."

Anataka, mwaka ukiisha, meza hii ndiyo iwe kubwa na ile ya chumvi iwe ndogo. Ninamwamini. Mikono iliyotwanga gunia baada ya gunia haitashindwa na tangawizi.

Lakini meza hiyo iko juani. Imesimama nje ya kivuli, na malimau yameanza kukunjamana upande mmoja. Chini ya bati nafasi ipo, ukisogeza cherehani kidogo tu. Namuuliza kwa nini hajaisogeza.

"Bati si langu," anajibu.

Fundi anafika karibu na saa sita. Namwona Mama Chumvi anamwona, na mchi unabaki hewani. Fundi anatembea na fimbo, mkewe nyuma yake hatua moja, tayari kwa lolote lakini hamshiki. Watu wanampa pole na yeye anaitikia kila mmoja, maneno yamerudi, ila yanaburuzika kidogo mwishoni. Anapita mbele ya meza ya chumvi. Hageuki.

Mama Chumvi anarudisha mchi kinuni bila kutwanga. Anaangalia vidole vyake.

Alikwenda nyumbani kwa fundi mara nyingi wakati wa ugonjwa, na malimau kwenye kikapu. Mke alikuwa akimpokea vizuri. Mgonjwa alikuwa akigeukia ukutani. Hakujua kama ni usingizi au ni jibu.

Fundi anavua shuka la maua, analikunja vizuri kama mtu asiye na haraka. Anakaa. Mkono wa shati la shule bado uko chini ya sindano, palepale mshono ulipokatikia. Anaweka mguu wa kushoto kwenye pedali, kisha anaunyanyua wa kulia kwa mikono yake miwili na kuuweka pembeni yake. Mkewe anatazama pembeni. Muuza mahindi ameacha kupepea moto.

Gurudumu linazunguka kidogo, linarudi nyuma, uzi unakatika. Fundi anautia upya. Inamchukua muda, na anakataa miwani ya mkewe. Anajaribu tena. Pedali inashuka, inakwama, inashuka. Kisha inashika. Ile sauti inatoka, kwanza kwa kuchechemea, halafu imenyooka, na mkono wa shati unapita chini ya sindano mpaka mwisho wake.

Anaukata uzi kwa meno. Anauinua mshono usoni. Nusu ya kwanza imenyooka, nusu ya pili imepinda kama njia ya mlevi.

"Hii nitaifumua," anasema. "Ila mguu umekubali."

Soko linapumua. Yeye anageuka sasa, polepole, kwa sababu shingo nayo inahitaji kuombwa. Hamtazami Mama Chumvi. Anatazama meza mpya pale juani.

"Malimau ya nani yale?"

"Yangu," anasema Mama Chumvi.

"Mbona yanaungua?"

Fundi anashika ukingo wa cherehani, anasimama kwa fimbo, anaisukuma cherehani kwa paja lake zima hadi ukutani. Mkewe anataka kusaidia, fundi anamzuia kwa jicho.

"Dada," anasema, "sogea chini ya bati."

Mama Chumvi analia pale pale, mbele ya wateja, bila kujificha, na machozi yanaingia kwenye nyufa za vidole anapojaribu kuyafuta, na yanamchoma, na anacheka kwa sababu yanamchoma. Tunamsaidia kubeba meza. Malimau mawili yanaanguka na kubingirika mpaka miguuni pa fundi.

"Jirani," anasema fundi alipokwisha kukaa, na uso wake umekuwa wa utani, upande mmoja kidogo zaidi ya mwingine. "Nipimie kopo moja la chumvi."

"Hakuna."

"Naiona hiyo hapo kwenye beseni."

"Ya mboga ipo. Ya kwako hakuna."

"Hata kijiko?"

Mama Chumvi anainama, anaokota limau moja miguuni pake, analifuta vumbi kwa kitambaa cha kidole, analiweka kwenye kiganja cha fundi na kukifunga kwa mikono yake miwili.

"Wewe nataka ule chumvi nyingi, kaka yangu," anasema. "Kwa hiyo chukua limau."